Uzoefu wangu: Philharmonic Dining Rooms ya Liverpool, nikiwa na mjomba asiyegusa pombe

Mjomba wangu alipokuja kunitembelea kutoka Nyeri alikuwa na ombi moja tu: aione Anfield kwa macho yake. Ni mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa la PCEA, na tangu nimjue hajawahi kuonja pombe. Kwa hiyo nilipomwambia kwamba tukitoka uwanjani nitampeleka baa, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, “Baa, binti yangu? Mimi?” Nikamwomba aniamini siku moja tu.

Naandika haya kwa sababu Wakenya na Watanzania wengi wanakuja Liverpool kwa ajili ya mpira, wanapiga picha zao, wanapanda treni kurudi, na baa hii ya Philharmonic hawaijui. Wengine hawaingii kwa kuwa hawanywi. Wengine walishaingia baa ya Kiingereza mahali pengine wakatoka na kinyongo.

Kinyongo hicho nakifahamu. Mwaka wangu wa kwanza wa uuguzi hapa Uingereza niliingia baa moja katika mji ninaoishi, nikakaa mezani nikasubiri. Nyumbani mhudumu anakuja ulipo, anauliza “baridi ama moto?”, anafungua chupa ukiona. Nilikaa karibu nusu saa. Hakuna aliyekuja. Nikainuka nikasimama kaunta, na aliyekuwa akihudumu akawapa wanaume wawili waliofika nyuma yangu, halafu wa tatu, mimi nikiwa nimesimama pale pale mbele yake. Niliondoka bila kusema neno, na kwa karibu miaka miwili niliamini kwamba nyumba hizi si zetu.

Aliyenifundisha ni mwenzangu wa wodini, mama mmoja mzaliwa wa Liverpool. Akaniambia: huku foleni ya baa haionekani, lakini ipo. Kila aliyesimama kaunta anajua nani alimtangulia, na mhudumu mzuri anaishika orodha hiyo kichwani bila kuandika popote. Hupungi mkono wala hutikisi noti. Unasimama mahali unapoonekana, macho yako yakikutana na ya mhudumu anatikisa kichwa kidogo, na hapo ujue umeshaingia kwenye orodha. Na kama mhudumu akikosea, mteja mwenye adabu atasema mwenyewe, “Huyu alianza.” Tangu siku hiyo kipimo changu cha kwanza cha baa yoyote ya jadi ni hicho: je, zamu yangu inalindwa? Kinywaji, chakula na mapambo navipima baadaye.

Sasa twende Liverpool. Ukishuka stesheni ya Lime Street unaweza kutembea, kama dakika 15, ila ujue unapanda mlima. Tulipitia barabara ya Renshaw hadi kanisa la Mtakatifu Luka, lile lililopigwa bomu Mei 1941 na kuachwa hivyo hivyo bila paa kama ukumbusho. Mjomba alisimama pale muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisha tukapanda Leece Street, ikageuka kuwa Hardman Street, na pale inapokutana na Hope Street ndipo nyumba ilipo. Wenyeji wanaiita tu “the Phil”, kwa sababu inatazamana na ukumbi wa muziki wa Philharmonic. Kila mwisho wa barabara hiyo ya Hope una kanisa kuu lake: la Kikatoliki upande mmoja, la Kianglikana upande wa pili. Mjomba, ambaye hukosi kumfurahisha ukimpa habari ya kanisa, alipenda sana kusikia kwamba lile la Kianglikana lilichorwa na Mkatoliki, Giles Gilbert Scott.

Kwa nje utadhani ni jumba la tajiri wa zamani. Kuna minara midogo, kuna kuta za mawe zilizochongwa, na mlangoni kuna mageti ya chuma na shaba yaliyopindwa kama mizabibu, yenye rangi ya dhahabu. Mageti hayo ni kazi ya H. Bloomfield Bare. Nyumba yenyewe ilijengwa kati ya 1898 na 1900 kwa ajili ya Robert Cain, mwenye kiwanda cha bia cha hapa hapa mjini, na mchoraji ramani alikuwa Walter Thomas. Cain hakuwa anajenga kilabu cha kulewea watu na kuwatoa. Alitaka mahali penye uzuri kama ule wa vilabu vya faragha vya mabwana. Akawaita mafundi na wasanii waliokuwa na uhusiano na shule ya sanaa ya chuo kikuu cha mji, akawaacha wafanye kazi: mbao za mahogani, mabamba ya shaba yaliyofuliwa kwa nyundo kwa nyuma hadi picha ikajitokeza mbele, plasta iliyofinyangwa kuwa watu wanaobeba dari, vioo vya rangi, na kaunta ambayo uso wake wa mbele umefunikwa vijiwe vya rangi vilivyopangwa kimoja kimoja. Februari 2020 serikali iliipandisha nyumba hii daraja la kwanza la majengo ya kuhifadhiwa, daraja ambalo kwa kawaida utalikuta kwenye makanisa makuu na makasri. Haikuwa imewahi kutokea kwa baa ya enzi za Victoria huko England.

Tuliingia siku ya kazi, alasiri kidogo baada ya saa nane. Muda huo nausisitiza. Jioni za mechi na siku za tamasha kule ukumbini watu wanajaa hadi mlangoni, na hutaona dari wala ukuta, utaona migongo. Alasiri ya Jumanne au Jumatano nyumba ni yako.

Kaunta palikuwa na watu wanne mbele yangu. Msichana aliyekuwa akihudumu alikuwa anamimina huku anazungumza na mzee mmoja, na bila kuacha alichokuwa akifanya akanitazama, akatikisa kichwa. Basi. Bwana mmoja akaja akasimama kushoto kwangu, akaegemea kaunta. Msichana alipomaliza na wale wanne, yule bwana hata hakungoja aulizwe, akanionyesha kwa kiganja: huyu kwanza. Najua kwa msomaji mwingine hili ni jambo dogo. Kwangu mimi, niliyewahi kupitwa mara tatu nikiwa nimesimama, lilikuwa tosha kuilipia nauli ya treni.

Nilimwambia msichana ukweli: mjomba wangu anatoka Kenya, hanywi, amekuja kuiona nyumba, na mimi nataka kitu kidogo lakini sijui nichague kipi. Hakubadilika uso. Akauliza mjomba anapenda chai au kahawa, na mimi akanimiminia vionjo viwili kwenye vijiglasi vidogo, nionje kwanza kabla ya kulipa. Kama hujui, kuonja huko ni desturi ya kawaida katika baa za aina hii kwa bia za pipa, na usione haya kuomba.

Hapa niseme kidogo kuhusu bia yenyewe, kwa sababu watu wetu wengi wanarudi nyumbani wakisema Waingereza wanakunywa bia moto. Sivyo. Bia ya jadi ya pipa iko hai. Inaondoka kiwandani bila kupashwa moto wa kuua hamira wala kuchujwa hamira yote, na inaendelea kuchachuka polepole ndani ya pipa, chini kwenye sela, yaani ghala la chini ya baa. Sela inatunzwa kwenye nyuzi 11 hadi 13 hivi. Kwa hiyo si baridi ya friji wala si moto wa kreti lililokaa nje. Ni ubaridi wa maji ya mtungini. Hakuna gesi inayoisukuma. Mhudumu anavuta mkono mrefu wa pampu mara tatu au nne, na unaona nguvu inavyomtoka begani. Pipa likishafunguliwa lina siku chache tu kabla halijaharibika, ndiyo maana baa isiyokuwa na wateja wa kutosha haiwezi kuiuza vizuri, na ndiyo maana mwaka 1971 wapenzi wake waliunda chama cha kuitetea, CAMRA, viwanda vikubwa vilipokuwa vinaibadilisha kwa bia ya gesi. Ukiionja ukitegemea ladha ya lager ya nyumbani, utasikitika. Ionje kama unavyoonja uji wa wimbi uliochachuka vizuri: tafuta nafaka, tafuta uchungu mdogo unaobaki nyuma ya ulimi.

Nilichukua nusu painti, yaani mililita 284. Hakuna aliyeniangalia vibaya kwa kunywa nusu. Painti nzima ilikuwa zaidi kidogo ya pauni 5, na ndiyo, bado nabadilisha kichwani: zaidi ya shilingi 800 za Kenya. Unalipia pale pale kaunta, unabeba mwenyewe. Bakshishi haitegemewi kwa kinywaji. Ukitaka kumshukuru mhudumu unamwambia achukue chake pia, naye ataongeza kidogo kwenye bili. Nilimwambia hivyo, akashukuru.

Chai ya mjomba ilikuja na maziwa pembeni, kama kawaida ya huku, na kama kawaida yake aliyamimina yote. “Chai ya maji,” akasema, lakini aliinywa. Tulichagua samaki na chipsi, sahani mbili. Samaki alikuwa mkubwa, unga wake mkavu unaovunjika, ndani mweupe na laini. Mjomba, ambaye ni mtu wa githeri na nyama ya kuchemsha, alimaliza sahani yake na kuchukua chipsi zangu. Sina zaidi la kusema kuhusu chakula. Ni chakula kizuri cha baa, na hukwenda pale kwa ajili yake.

Unakwenda kuzunguka. Hilo ndilo jambo ambalo sikulijua hadi mwenzangu wa wodini aliponiambia: katika nyumba kama hii unaruhusiwa kuinuka na glasi yako, au kikombe chako, ukaingia chumba hadi chumba. Vyumba viwili vidogo vimepewa majina ya watunzi wa muziki, Brahms na Liszt. Kuna mzaha wa Kiingereza ndani yake, kwani kwa lugha ya mitaani ya London “Brahms na Liszt” ni maneno yenye vina yanayomaanisha mtu aliyelewa. Nilimweleza mjomba, akacheka hadi akavua miwani. Kisha kuna ukumbi mkubwa wa nyuma ambao zamani ulikuwa wa kuchezea biliadi. Dari yake iko juu sana, na pale ndipo plasta ya Charles Allen ilipo, wanawake wale waliofinyangwa wakisimama juu ya ukuta kama wanaotega sikio.

Choo cha wanaume ndicho kilichopata umaarufu kuliko vyote, na sitaona haya kukitaja kwa kuwa ni kizuri kweli. Mabeseni ya kukojolea ni ya rangi ya waridi, mazito kama madhabahu, na yana umri sawa na nyumba. Mjomba alikwenda akarudi ameshika kiuno. “Wewe,” akasema, “nyumbani kwangu sebule haijafika pale.” Wanawake wanaruhusiwa kukiona, lakini uombe. Niliomba. Mhudumu mmoja akagonga, akaingia kuhakikisha hakuna mtu, akanishikia mlango nikatazama kwa dakika moja nikatoka. Alifanya bila kuchoka na bila kunifanya nijione msumbufu, ingawa nina hakika anaombwa hivyo kila siku ya Mungu.

Kuhusu John Lennon na Paul McCartney nitasema mstari mmoja, maana utasikia habari zao popote Liverpool: Lennon alisoma shule ya sanaa hapo jirani na inasimuliwa kwamba alilalamika umaarufu ulimnyima kuja kunywa hapa, na McCartney alipiga muziki humu ndani mwaka 2018 watu wakiwa hawana habari.

Nilichokuwa sijamwambia mjomba, nilichokuwa nimekihifadhi, ni kioo. Miongoni mwa vioo vya rangi vya nyumba hii kuna picha za majemadari wawili wa vita vya Makaburu kule Afrika Kusini, vilivyokuwa vinapiganwa wakati mafundi wanamalizia kazi. Mmoja ni Lord Roberts. Nilimpeleka mjomba mbele ya yule mwingine, nikanyamaza. Alisogea, akarudi nyuma, akavaa miwani ya kusomea.

“Huyu ni Baden-Powell.”

Ndiye, mwanzilishi wa maskauti. Mjomba alikuwa skauti tangu shule ya msingi, halafu akawa kiongozi wa skauti wa shule kwa miaka 30. Baden-Powell alihamia Nyeri uzeeni, akaishi katika nyumba ndogo aliyoiita Paxtu kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan, akafariki tarehe 8 Januari 1941 na kuzikwa kwenye makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro, Mlima Kenya ukiwa mbele yake. Juu ya kaburi kuna ile alama ya njiani ya maskauti, duara lenye nukta katikati: nimekwenda nyumbani. Kila Februari mjomba aliwapeleka wanafunzi wake pale, wamevaa skafu, wakifagia na kuimba. Mimi mwenyewe nilikwenda nikiwa darasa la sita.

Lakini aliye kwenye kioo cha Liverpool si yule mzee wa Nyeri. Huyu hajaanzisha skauti bado. Kambi yake ya kwanza ya maskauti, katika kisiwa cha Brownsea, ilikuwa 1907. Huyu ni askari wa Mafeking, mji wa Afrika Kusini alikozingirwa siku 217 na kutoka shujaa wa magazeti, na wenye baa wakamweka dirishani kama ambavyo leo wangemweka mchezaji mpira.

Mjomba alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu. Nilidhani atafurahi tu. Alifurahi, lakini si hivyo tu. Alizaliwa 1950. Alikuwa na miaka 6 Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alipokamatwa na kuhukumiwa pale pale Nyeri mjini, na utoto wake aliuanzia katika kijiji cha hali ya hatari, ambamo Waingereza waliwafungia watu wakati wa Mau Mau, kimezungushiwa mtaro, mama yake akitoka kwenda shambani kwa saa alizopangiwa. Akaniambia polepole, kwa Kikuyu kwanza halafu kwa Kiswahili kana kwamba anataka kuhakikisha amesema sawasawa: “Skafu ya mtu huyu nimeivaa kwa mapenzi. Na jeshi alilotoka ndilo lililotuweka nyuma ya mtaro. Yote mawili ni yangu.” Kisha akataka chai nyingine.

Tulikaa mbele ya kile kioo zaidi ya saa moja. Vikombe viwili vya chai na nusu painti, katikati ya jiji kubwa, kwenye nyumba yenye viti vinavyotafutwa, na hakuna aliyekuja kuuliza kama tumemaliza. Msichana wa kaunta alipita kukusanya glasi, akaona tunavyotazama, akauliza. Mjomba akamweleza yote, kaburi, mlima, duara na nukta. Alisimama akasikiliza na glasi tano mkononi. Akasema amefanya kazi chini ya picha hiyo na hakuwahi kujua mtu huyo amezikwa Kenya, na akaenda kumwambia mwenzake.

Kwa wanaotaka kwenda, haya ndiyo ningependa mtu aliyenitangulia aniambie. Usikae mezani kusubiri kinywaji. Nenda kaunta, simama, tulia, zamu yako itafika. Usiwe na haraka ya kuagiza painti, nusu inatosha na inaheshimika. Usiyekunywa, sema hunywi na uagize unachotaka. Sikuona jicho la dharau hata moja siku ile. Mwenye wazee waende alasiri, na wasitembee kutoka Lime Street kama magoti yana shida, teksi ni bora kwa ule mlima. Kwa picha, vioo vinapendeza jua likiwa bado nje. Ukibaki na nguvu, pitia pia The Vines pale Lime Street unaporudi stesheni. Ni kazi ya mchoraji yuleyule, Walter Thomas, ya 1907, na ni kama ndugu mdogo wa nyumba hii.

Mjomba sasa yuko nyumbani. Wiki iliyopita alinipigia simu. Alipita makaburini kwa Mtakatifu Petro akamwambia anayewatembeza wageni pale kwamba amemwona Baden-Powell akiwa kijana, ndani ya baa, Liverpool. Yule mtu hakuamini, anataka ushahidi. Nimemtumia mjomba picha tatu nilizopiga. Moja ina kivuli cha mkono wake kwenye kioo, ameunyoosha akionyesha uso, na hiyo ndiyo amesema atakwenda kuichapisha.